Kiti cha Mwenyekiti Siku Anapojadiliwa Mwenyekiti

Kamati nyingi za hapa Tanga zinajua namna ya kumchagua mwenyekiti, na chache sana zinajua namna ya kumbadilisha. Nasema hivi baada ya kushika ukatibu katika kamati za aina mbalimbali, za shule, za mtaa na za wavuvi, na baada ya kusoma katiba za vikundi ambazo wanachama huniletea nizipitie kabla hawajazipeleka kwa afisa maendeleo ya jamii. Katiba hizo huwa na vifungu virefu kuhusu sifa za mgombea, kiingilio, michango na faini ya kuchelewa, lakini ukifika mahali pa kueleza mwenyekiti ataondolewaje unakuta sentensi moja tu, kwamba mkutano mkuu unaweza kumwondoa kiongozi yeyote asiyefaa, na hapo kifungu kimekwisha. Nani ataitisha mkutano huo, nani atakaa kitini, kura ngapi zitatosha, na anayelalamikiwa atajitetea lini, yote hayo yameachwa yaamuliwe siku yenyewe, tena na watu waliokwisha kukasirikiana.

Imani yangu ni kwamba utulivu wa kikao cha namna hii hautokani na ukali wa anayekiongoza, wala hautokani na hekima ya wazee waliohudhuria peke yake. Unatokana na kuamua mapema, kabla neno la kwanza kuhusu mtu halijatamkwa, nani atakalia kiti kwa ajenda hiyo. Kiti kisiachwe wazi, wala kisikaliwe na anayejadiliwa. Hilo likikosewa, kanuni nyingine zote hugeuka kuwa silaha za upande huu au ule, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuzitafsiri akakubaliwa na wote.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imelitazama jambo hili kwa makini inapozungumzia Spika. Ibara ya 84 inaeleza kwamba kiti cha Spika kinapokuwa wazi, Bunge halifanyi shughuli nyingine yoyote isipokuwa kumchagua Spika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022, Job Ndugai alipojiuzulu tarehe 6 Januari na Bunge likamchagua Tulia Ackson tarehe 1 Februari. Kamati ya mtaa si Bunge, lakini katazo hilo lina mantiki inayofaa hata kwa watu kumi na watano waliokaa kwenye mkeka. Kamati inayoendelea kupitisha malipo na kugawa kazi huku kiti kina mgogoro hujikuta na maamuzi ambayo nusu ya wajumbe hawayatambui, na mgogoro wa mtu mmoja unageuka kuwa mgogoro wa kila risiti. Kwa hiyo ajenda ya kumbadilisha mwenyekiti ikishafunguliwa, mambo ya matengenezo ya darasa, ya ushuru wa diko, yaani pale vyombo vya uvuvi vinaposhushia samaki, na ya mkopo wa kikundi yasubiri.

Nani basi akalie kiti? Jibu la haraka ni makamu mwenyekiti, na kama katiba ya kikundi inasema hivyo ni lazima ifuatwe. Tatizo ni kwamba makamu mara nyingi ndiye anayetarajiwa kurithi nafasi, na wanachama wanalijua hilo. Anapomnyamazisha mtu, hata kama amefanya sawasawa, ataonekana anajisafishia njia. Mwanajeshi na mhandisi wa Kimarekani, Henry Martyn Robert, ambaye aliombwa kuongoza mkutano wa kanisa mjini New Bedford mwaka 1863 ukamshinda kwa fujo, na ambaye mwaka 1876 alichapisha kanuni za mikutano zinazotumika mpaka leo, hakuona ubaya wa mwenyekiti kuendelea kuongoza uchaguzi ambao yeye mwenyewe ni mgombea. Kanuni zake nyingi nazikubali, lakini hii siioni kama inafaa kwetu. Katika mji ambao wajumbe wa kamati ni majirani, wakwe na watu waliosoma chuo kimoja, mwenye maslahi na kiti asikikalie hata kwa dakika tano.

Ninachopendekeza, na nimekiona kikifaa, ni mwenyekiti wa muda anayechaguliwa na wajumbe kwa ajenda hiyo peke yake, baada ya kutamka mbele ya wote kwamba hatagombea nafasi hiyo siku hiyo wala katika uchaguzi utakaofuata. Tamko hilo liandikwe kwenye muhtasari kama alivyolisema. Watu wengine hupenda kumwita mtendaji wa mtaa aje kuongoza. Mimi ningemwita aje kusimamia kuhesabu kura na kushuhudia, si kuongoza, maana kikundi ambacho kila kikigombana kinakabidhi kiti chake kwa ofisi ya serikali hakitajifunza kukaa chenyewe, na upande ulioshindwa utakwenda kusema kwamba serikali ndiyo iliyomwondoa mwenyekiti wao.

Makabidhiano ya kiti yafanyike kwa macho ya watu. Mwenyekiti anayejadiliwa afungue kikao kama kawaida, dua isomwe, akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kuendesha kikao, ihesabiwe, ajenda zithibitishwe, kisha atamke kwamba kwa ajenda namba fulani anaachia kiti, ainuke na aende akakae pamoja na wajumbe. Kule kuinuka kunasaidia kuliko hotuba yoyote ya kuwataka watu watulie. Akikataa kuinuka, katibu aweke hoja hiyo mbele ya wajumbe waipigie kura kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu kiti ni cha kamati na kamati ndiyo inayokitoa.

Kabla ya hapo kuna mambo mawili ambayo nitayapita upesi. La kwanza ni kwamba ajenda ya kumwondoa mwenyekiti haiingizwi kwenye mengineyo. Inaandikwa wazi kwenye barua ya mwaliko, na mwenyekiti mwenyewe anaipata siku ile ile wanayoipata wengine, pamoja na tuhuma kwa maandishi. La pili ni kwamba katiba impe katibu mamlaka ya kuitisha kikao pale sehemu fulani ya wajumbe, tuseme theluthi moja, inapoomba kwa maandishi, kwani mwenyekiti anayejua kinachomsubiri anaweza kukaa mwaka mzima bila kuitisha kikao.

Kuhusu tarehe ya kikao, hapo sitapita upesi, kwa kuwa nimeona tarehe ikitumiwa kuamua matokeo. Chukua kamati ya wavuvi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa hupumzika, kwa sababu mwanga wa mwezi unapoenea baharini taa hazivuti tena samaki. Mkutano ukiitishwa katika siku za giza, wanaohudhuria ni wenye vyombo, wachuuzi na wakaangaji, huku mabaharia wakiwa baharini au wamelala kwa uchovu wa usiku kucha. Mtu aliyeko ofisini anaweza kupanga tarehe hiyo bila nia mbaya yoyote, lakini anayeijua pwani akiipanga anajua anachofanya. Vivyo hivyo saa. Kikao kinachoanza saa kumi baada ya swala ya Alasiri kina muda mfupi sana kabla ya Magharibi, na kikao cha kumwondoa mtu kikiahirishwa katikati, yaliyosemwa ndani yatalala vibarazani usiku huo na kuamka yameongezwa. Heri kianze asubuhi, siku ambayo si ya ibada kwa yeyote kati ya wajumbe, ili kimalize kilichoanza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo linalovuruga vikao vyetu kuliko yote, nalo ni heshima. Mwenyekiti wa kamati zetu mara nyingi si mwenyekiti tu. Kwa mjumbe huyu ni baba mdogo, kwa yule ni mkwe, na kwa mwingine ndiye aliyesimamia mazishi ya mzazi wake mpaka udongo ukasawazishwa. Kijana wa miaka ishirini na tano anayetaka kuuliza kuhusu risiti za michango alimwamkia shikamoo mlangoni nusu saa iliyopita, na akatoka hapo atamwamkia tena. Kijana huyo akiona hana njia atanyamaza na kwenda kusemea barazani, au atasema kwa sauti ya mtu aliyejizuia muda mrefu, na hapo hoja yake, hata kama ni ya kweli, itazikwa chini ya shutuma ya utovu wa adabu. Atatajiwa methali kwamba penye wazee haliharibiki neno, na ataambiwa akae.

Kanuni ya kusema kupitia kwenye kiti inamfungulia kijana huyo njia nyingine. Hamwambii mzee wake kwamba amekula fedha. Anasema, "Bwana Mwenyekiti wa muda, naomba kufahamu kama fedha ya michango ya Machi ilipelekwa benki, na kama ilipelekwa, hati yake iko wapi." Maneno yanakwenda kwenye kiti, na mzee naye anajibu kwenye kiti. Hawatazamani, hawaitani majina, na hakuna aliyelazimika kumvunjia mwenzake heshima ili swali lijibiwe. Kwa hiyo mwenyekiti wa muda awe mkali katika jambo hili moja kuliko mengine yote: kila anayesema aseme na kiti, azungumzie tendo, tarehe na kiasi, asizungumzie tabia, nyumba, wala ukoo wa mtu. Mjumbe akianza kusema "wewe mzee", asimamishwe kwa upole, aombwe aanze upya. Na ile methali ya wazee naikubali kwa maana yake kamili, kwamba wazee wapo ili neno lisiharibike, si ili neno lisisemwe. Mzee mwenye kuaminiwa na pande zote ndiye wa kwanza ninayemfikiria panapotafutwa mwenyekiti wa muda.

Matangazo ya Bunge yamewafundisha watu kukatiza kwa neno "taarifa", na vikao vingi vinaharibika hapo. Mwenyekiti wa muda atofautishe mapema. Anayesimama kuhusu utaratibu anaonyesha kwamba kanuni inavunjwa wakati huo, na lazima aseme ni kanuni ipi. Anayeomba mwongozo anauliza kama jambo fulani linaruhusiwa, na kiti kinamjibu. Anayetaka kutoa taarifa anataka kumpa msemaji ukweli fulani, na msemaji ana hiari ya kuupokea au kuukataa. Katika kikao cha kumwondoa mtu ningeomba wajumbe wakubaliane tangu mwanzo kwamba taarifa hazitapokelewa wakati mtuhumiwa anajitetea. Asikilizwe mpaka amalize.

Kusikilizwa huko si ukarimu wa kamati. Ibara ya 13 ya Katiba ya nchi inasema kwamba mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika ana haki ya kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Hata kikundi kidogo kinachojiona hakiguswi na Katiba ya nchi hakina sababu ya kuwanyima wanachama wake kiwango hicho cha haki. Tuhuma zisomwe kwa namba, moja baada ya nyingine, naye ajibu kila moja, na muda wake wote usiwe mfupi kuliko muda waliopewa waliomtuhumu. Wapo wanaotaka atoke nje wakati wa mjadala ili watu wawe huru kusema. Mimi nakataa. Linalosemwa juu yake alisikie, na uhuru wa wajumbe ulindwe kwenye kura.

Kabla hoja haijapigiwa kura, mwenyekiti wa muda amuulize mara moja, kwa heshima, kama angependa kujiuzulu. Mwalimu Nyerere aliachia urais mwaka 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990 kwa hiari yake, na tangu wakati huo kung'atuka kumekuwa mlango wa heshima katika nchi hii. Mlango huo ubaki wazi hadi dakika ya mwisho. Lakini kujiuzulu kuwe kwa maandishi na saini. Mzee aliyechomwa na maneno anaweza kusimama akasema, "Basi nimeachia, fanyeni wenyewe," kisha akatoka, na wajumbe wakashangilia kwamba amejiuzulu. Wiki inayofuata atasema hakujiuzulu, alikwenda kupumzisha moyo, na atakuwa na hoja. Akitoka hivyo, katibu aandike saa aliyotoka, akidi ihesabiwe upya, na kikao kiendelee hadi kwenye kura kwa sababu kiti kina mtu. Hapo faida ya kukabidhi kiti mapema inaonekana wazi, kwani kama angetoka akiwa bado ndiye anayeongoza, kikao kizima kingetoka naye.

Kura iwe ya siri. Mwaka 1988 wenzetu wa Kenya waliteua wagombea wa chama tawala kwa mlolongo, wapiga kura wakijipanga nyuma ya mgombea au picha yake, na malalamiko ya mwaka ule yanakumbukwa hadi sasa. Kunyoosha mikono ni mlolongo wa kukaa chini. Mpwa hatanyoosha mkono dhidi ya mjomba wake mbele ya shangazi zake, na akinyoosha, kikao kitakuwa kimepanda ugomvi katika nyumba ambayo haikuwa na ugomvi. Vipande vya karatasi vilivyokatwa sawa, kalamu za rangi moja na boksi lililofungwa vinatosha. Kwa wasiosoma, tunao mfano wetu wenyewe: katika uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965 wagombea walipewa alama za jembe na nyumba, na watu walichagua bila kuhitaji kusoma jina. Alama mbili zilizochorwa kwenye karatasi, moja ya kuafiki hoja na moja ya kuikataa, zitamwezesha bibi yeyote kupiga kura yake bila kumwomba mjukuu amwandikie.

Kiwango cha kura kinahitaji hesabu iliyofanywa kabla. Katiba ya nchi inataka Spika aondolewe kwa azimio linaloungwa mkono na wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria. Tofauti hiyo ni kubwa. Kamati ya wajumbe 15 ikitaka theluthi mbili ya wajumbe wote, inahitaji kura 10. Ikitaka theluthi mbili ya waliohudhuria, na waliohudhuria ni 9, kura 6 zinamwondoa mtu aliyechaguliwa na watu 15. Katiba ya kikundi inayosema "theluthi mbili" bila kusema ya nani imeahirisha ugomvi tu, na ugomvi huo utazuka baada ya kura kuhesabiwa, wakati ambapo kila upande umeshajua tafsiri inayoufaa.

Matokeo yakitangazwa, yatangazwe kwa tarakimu bila maoni. Mwenyekiti wa muda awaombe wajumbe kabla ya boksi kufunguliwa kwamba hakutakuwa na makofi wala vigelegele, kwa upande wowote. Mtu aliyeondolewa yumo chumbani, na pengine mke wake anasikia kutoka uani kwa jirani.

Uchaguzi wa mwenyekiti mpya uwe hoja nyingine, na ikiwezekana siku nyingine isiyo mbali. Jina la mrithi lisitajwe kabisa katika mjadala wa kumwondoa aliyepo. Likitajwa, wajumbe wanaacha kupima matendo ya mmoja na kuanza kulinganisha watu wawili, na anayetuhumiwa atasema, mara nyingi kwa haki, kwamba kosa lake ni kuwa na nafasi anayoitaka mwingine.

Yaliyobaki ni ya karatasi, lakini ndiyo yanayodumu. Benki haitabadilisha watia saini wa akaunti kwa maneno ya mdomo. Inataka muhtasari wa kikao na orodha ya mahudhurio yenye saini. Chama cha ushirika kitalifikisha jambo kwa afisa ushirika, na taasisi yenye bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, italazimika kupeleka huko mabadiliko ya wadhamini kama mwenyekiti alikuwa mmoja wao. Muhuri, daftari la fedha, vitabu vya stakabadhi na funguo vikabidhiwe kwa hati yenye saini za anayetoa, anayepokea na shahidi. Na ipo laini ya simu. Vikundi vingi hukusanya michango kwa laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mwenyekiti na namba yake ya NIDA, kwa hiyo kisheria laini ni yake, na kamati haiwezi kumnyang'anya kwa azimio. Salio lihamishwe kwenda akaunti ya kikundi kabla ya kikao, wakati bado watu wanaongea vizuri, na kuanzia hapo kikundi kisitunze fedha kwenye laini ya mtu binafsi.

Muhtasari wenyewe uandikwe kwa lugha ambayo aliyeondolewa anaweza kuisoma bila kudhalilika. Uwe na hoja, aliyeitoa, aliyeiunga mkono, kila tuhuma kwa namba yake, majibu yake, idadi ya kura na saa. Matusi yaliyoponyoka hayaandikwi isipokuwa pale mjumbe alipoamriwa kuyafuta. Kikao kinachofuata kitaanza, kama vikao vyote, kwa kuuthibitisha muhtasari huo, na mwenyekiti wa zamani, ambaye bado ni mjumbe kama wengine, ana haki ya kunyoosha mkono na kusema kwamba ukurasa wa pili maneno yake hayakuandikwa kama alivyoyasema. Mwenyekiti mpya atampa nafasi kwa zamu yake, wajumbe wataulizwa kama wanakumbuka hivyo, na katibu atasahihisha kabla saini hazijawekwa.